Mteja anayerudi kila wiki: jibu kwa karani mgeni

Swali: Shikamoo, wakili. Nina umri wa miaka 23, na nina miezi minne katika kazi yangu ya kwanza ya ofisini, mapokezi na masjala kwenye ofisi ya mawakili mjini Morogoro inayofuatilia madai ya wastaafu. Kuna mzee mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha umma kilichobinafsishwa. Anakuja kila Jumanne na bahasha yake ya kaki, anaanza hadithi yake tangu mwanzo, na jina lake halionekani katika orodha tuliyonayo. Wenzangu wakimwona wanaingia ndani, na bosi ananiambia nimwambie arudi wiki ijayo. Juzi ameleta mayai, nami sikujua kama nipokee au nikatae. Je, wewe ulipoanza kazi uliwahi kuwa na mteja wa namna hii, na ulimfanyia nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nilikuwa naye, na kwa wiki tatu za mwanzo nilimkosea. Nitakueleza habari zake kwa kirefu kwa sababu kosa nililolifanya ndilo ninaloliona nyuma ya swali lako, nalo halikuwa kosa la adabu. Nilimsalimia, nilimpa kiti, nilimwita mzee. Lilikuwa kosa la kutafuta: nilimtafuta mahali ambapo mwajiri wake hakuwahi kumweka.

Ilikuwa mwaka 2004, nami nilikuwa karani katika ofisi ya wakili mmoja katikati ya Dar es Salaam, ghorofa ya pili, kwenye jengo ambalo ngazi zake zilikuwa na giza hata saa sita mchana. Kazi yangu ilikuwa kupokea watu, kuandika rejesta na kutunza majalada. Wengi wa wateja wetu walikuwa wazee waliofanya kazi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, ile iliyoundwa mwaka 1967 na kuvunjika mwaka 1977, ikiwa na mashirika yake ya reli, bandari, posta na simu, na ndege. Jumuiya ilipovunjika, mali na madeni yake yalibaki yakigombaniwa na nchi tatu hadi mwaka 1984, ulipotiwa saini mkataba wa mgawanyo uliosuluhishwa na Mswisi Victor Umbricht, na katika mkataba huo kila nchi ilibeba jukumu la kuwalipa raia wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya. Miaka 20 baada ya saini hizo, Watanzania zaidi ya 30,000 walikuwa bado wanadai. Nakumbuka vizuri kwamba mwezi Machi mwaka ule magazeti yalichapisha picha za marais wa Kenya, Uganda na Tanzania wakitia saini itifaki ya umoja wa forodha wa Jumuiya mpya mjini Arusha. Gazeti lilikuwa mezani kwangu, na kwenye benchi mbele ya meza walikuwa wamekaa wadai wa Jumuiya ya kwanza.

Mmoja wao alikuwa mtu wa reli. Alitoka upande wa Kilosa, alifikia kwa mpwa wake Buguruni, na alikuja kila Jumatatu kabla sijafungua madirisha. Alibeba kopo la bati la biskuti, ndani yake makaratasi yakiwa yamefungwa katika mfuko wa nailoni, na mfuko ukiwa umefungwa kwa uzi wa katani. Hakufungua kopo lile mpaka amalize salamu, na salamu zake zilikuwa ndefu. Kisha alianza: kwamba alizaliwa wakati wa vita vya Hitla, kwamba aliingia kazini wakati reli ya tawi inamaliziwa kufika Kidatu, kwamba aliwahi kuumwa na nyoka akiwa na toroli mbali na stesheni. Mimi nilikuwa na mihuri ya kugonga na simu ya kupokea. Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua, nikachukua orodha ya majina iliyopangwa kwa alfabeti, nikafungua herufi A, nikatafuta Athumani. (Jina nimelibadilisha, lakini matatizo ya herufi zake ni yaleyale.) Akina Athumani walikuwamo, lakini hakuna aliyefuatiwa na jina la baba yake. Nikamwambia hayumo, na kwamba arudi wiki ijayo, labda orodha ingeongezwa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba orodha ingeongezwa. Niliyasema yale kwa sababu yalikuwa yanamwondoa mezani bila kumvunja moyo, au ndivyo nilivyojidanganya. Nauli ya kurudi alikuwa anailipa yeye.

Jumatatu ya nne mvua ilinyesha tangu alfajiri, umeme ukakatika saa nne, wakili alikuwa mahakamani, na kompyuta ilikuwa imezimika pamoja na kila kitu kingine. Sikuwa na pa kujifichia. Mzee akaanza hadithi yake, nami kwa mara ya kwanza nikaisikia. Genge lao lilikuwa likitunza njia kati ya Kilosa na Gulwe, mahali ambapo mto Mkondoa ukifurika hula tuta la reli. Alichukua rula yangu, akaiegemeza juu ya rejesta, akanionyesha jinsi watu wanne walivyoinua reli kwa mitarimbo huku wa tano akisukuma kokoto chini ya taruma, na jinsi mnyapara alivyolala kifudifudi, jicho moja limefumbwa, akiangalia kama njia imenyooka. Ile rula ilikuwa inatetemeka kidogo mkononi mwake. Nikamuuliza, kwa udadisi tu wala si kwa akili yoyote, mnyapara alijuaje asubuhi kwamba watu wote wamefika.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua huchomoza upande gani. "Kwa namba," akasema. "Akina Athumani tulikuwa wanne gengeni."

Na namba yake akaitaja palepale, tarakimu tano, bila kuvuta pumzi, miaka 27 baada ya shirika lenyewe kufa. Katika Jumatatu tatu zilizotangulia hakuwahi kuitaja kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, na kwake yeye namba ile haikuwa ushahidi wa kitu chochote. Ilikuwa kelele ya asubuhi tu. Nilichukua ile orodha, nikaiacha safu ya majina, nikashuka na kidole kwenye safu ya namba, ukurasa baada ya ukurasa, nimesimama dirishani kwa kuwa hapakuwa na taa. Ilinichukua saa nzima na nusu. Alikuwa kwenye herufi O. Mtu fulani, zamani sana, alikuwa amemsikia akijitaja na kumwandika Osmani, kisha mwingine akaliweka jina la babu mahali pa jina la baba.

Ukifikiri vizuri hutaona ajabu. Uthman wa Kiarabu huwa Athumani pwani, Asumani bara, Othman kwa aliyesoma chuoni, na Osmani kwa karani wa Kihindi au wa Kigoa, nao walikuwa wengi katika ofisi za reli za zamani. Mwenye jina hakuona hata moja ya maandishi hayo. Ofisi ilimjua kwa namba na ikamlipa kwa namba, na sisi miaka mingi baadaye tukaja kumtafuta kwa jina kana kwamba jina ndilo lililokuwa likienda kazini.

Lakini kumpata kwenye orodha hakukumaliza kazi, na hapa ndipo kopo la biskuti lilipopata maana. Orodha ilisema ameanza kazi mwaka 1971. Yeye alisema aliingia mwaka mmoja kabla ya fedha zetu wenyewe kutoka, na shilingi ya Tanzania ilianza kutumika mwaka 1966, kwa hiyo alikuwa anazungumzia 1965. Tofauti ya miaka sita katika dai la mafao si jambo la kupuuza. Nilimwomba anionyeshe kila karatasi iliyokuwamo koponi, hata zile alizoona hazina maana, naye akatoa kipande cha hati ya mshahara ambacho pembe yake yenye tarehe ilikuwa imeliwa na mende. Nilitaka kukirudisha. Wakili, aliyekuwa amerejea akiwa amelowa mpaka mabegani, akakichukua, akasoma kichwa cha karatasi na kukaa chini. Kichwa kile kilitaja Reli na Bandari kwa pamoja, kama shirika moja. Mwaka 1969 mashirika hayo yalitenganishwa, reli ikawa yake na bandari yake. Ingawa tarehe ilikuwa imeliwa, jina la mwajiri lilikuwa tarehe tosha: mtu huyu alikuwa akilipwa mshahara kabla ya orodha kusema ameajiriwa.

Angalia pia kile ambacho karatasi ile haikufanya. Haikuthibitisha mwaka 1965. Iliivunja tu ile 1971, na ikatufungulia mlango wa kuleta viapo vya watu wawili waliokuwa naye gengeni, ambao bila kipande kile wangeonekana ni wazee wanaosaidiana. Nimewaona vijana wengi wa kazi hii wakipata karatasi moja nzuri na kuidai iseme zaidi ya inavyosema, na upande wa pili huwangoja hapohapo.

Sasa nije kwa mzee wako. Sijaliona jalada lake, lakini kutokana na ulivyoandika, nadhani mnamtafuta kwa jina katika orodha ambayo haikutengenezwa na mwajiri wake. Jumanne akija, usimwombe aeleze dai lake. Dai amelisema mara nyingi mno, limeshakuwa kama shairi analolighani, na shairi halibadiliki kwa kuombwa tena. Muulize kuhusu kazi: aliingia zamu gani, nani alimwandikia mahudhurio, mshahara ulipokelewa dirishani au kwa bahasha, alipougua alipelekwa zahanati ipi na akiwa ameshika karatasi gani. Viwanda vyetu vya umma viliwajua wafanyakazi wake kwa namba, idara na zamu. Ukipata hivyo vitatu, rudi kwenye orodha na utafute kwa vyote vitatu kabla ya kuligusa jina.

Kuhusu mfuko wa mafao, usimuulize alikuwa mwanachama wa mfuko gani, kwa maana mifuko yenyewe imebadilika majina huku yeye akiwa kijijini. Akikutajia NPF, ule mfuko wa akiba wa taifa ulioanzishwa mwaka 1964, fahamu kwamba mwaka 1997 mahali pake palichukuliwa na NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Akikutajia PPF, uliokuwa mfuko wa mashirika ya umma, fahamu kwamba mwaka 2018 uliunganishwa na mifuko mingine mitatu, PSPF, LAPF na GEPF, kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na mali na madeni ya mifuko hiyo minne yakahamia huko. Nimekutana na wastaafu walioandika barua kwa mfuko usiokuwepo tena na kungoja jibu mwaka mzima. Kwa kiwanda chenyewe, kwa kuwa kilibinafsishwa, mojawapo ya milango ya kubisha ni ofisi ya Msajili wa Hazina, inayosimamia mali za serikali katika mashirika, lakini usibishe kabla hujawa na namba yake mkononi, kwa sababu barua isiyo na namba hujibiwa kwa barua isiyo na jibu.

Tarehe nazo atazisahau, au atazisema ovyo ili kukuridhisha. Mkumbushe kwa matukio. Watu wa umri wake wanajua walikuwa wapi vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, Sokoine alipofariki mwaka 1984, Mwalimu alipong'atuka mwaka 1985, meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, na mvua za El Niño zilipomwagika mwishoni mwa mwaka 1997. Muulize kama wakati huo alikuwa tayari kiwandani, na kama bado alikuwa huko. Andika anavyosema, kwa maneno yake, kisha wewe ndiye uweke mwaka pembeni kwa penseli. Usiweke mwaka kinywani mwake, maana siku ya kuhojiwa ataurudia mwaka wako na hataweza kuutetea.

Majina yakiwa yametofautiana, kama ninavyohisi, mtahitaji kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Hapa naomba uwe mwangalifu sana. Kiapo cha namna hiyo hakibadilishi jina. Kinaeleza tu kwamba mtu huyu ndiye aliyeandikwa hivi pale na vile kule, kwa hiyo ni lazima kitaje kila tahajia iliyopo katika kila karatasi, pamoja na ile iliyo kwenye kitambulisho chake cha Taifa, herufi kwa herufi. Kubadilisha jina ni shughuli nyingine, yenye hati yake inayosajiliwa, na mara nyingi mstaafu haihitaji. Nimeona kiapo kilichoandaliwa kwa haraka kikiacha tahajia moja nje, na tahajia hiyohiyo ndiyo iliyokuwa kwenye daftari la malipo. Mzee akaambiwa aape upya, na karani aliyekiandaa akawa hayupo siku hiyo.

Hati zake halisi msibaki nazo. Toa nakala mbele yake, mrudishie za kwake zikiwa kwenye bahasha ileile na kwa mpangilio uleule, kwa kuwa mpangilio ule unaweza kuwa ndio kumbukumbu yake. Mimi, kwa bidii za ugeni, nilipiga stepla kwenye hati ya mshahara ya mzee wangu, na pini ikapita katikati ya namba mbili za mwisho. Wakili alinitazama tu. Afadhali angenifokea.

Halafu andika. Katika zile Jumatatu tatu za kwanza rejesta yangu ilisema "amefika, ameambiwa arudi", maneno yaleyale kila mara, na mtu yeyote ambaye angelifungua jalada lile asingejua kwamba mzee ana genge, ana mto, ana nyoka. Kila Jumanne, mzee akiondoka, weka dokezo la mistari miwili au mitatu kwenye jalada: jambo gani jipya amesema, karatasi gani umeiona, hatua inayofuata ni ya nani na lini. Dokezo hilo litakusaidia hata kwa bosi wako, maana ni vigumu mtu kusema "arudi wiki ijayo" huku anasoma kwamba wiki iliyopita mteja alitaja namba yake ya kazi na hakuna aliyeitafuta. Wenzako wanaoingia ndani usigombane nao. Mpe mzee muda maalumu, nusu saa ya asubuhi, umwambie kwa heshima kwamba nusu saa hiyo ni yake peke yake na ikiisha una watu wengine. Wazee wengi hurefusha hadithi kwa sababu wanajua wakinyamaza tu wataambiwa kwaheri.

Nisikufiche kwamba wapo wanaorudi kila wiki na hawana dai. Ameshalipwa na amesahau, au alilipwa kidogo na kidogo hicho ndicho alichostahili, au aliyelipwa ni ndugu yake kwa hati ya uwakilishi aliyoitia saini mwenyewe. Hao nao wana haki ya kuambiwa, tena kwa barua anayoweza kumpelekea mwanawe aisome. Wiki ijayo isiyo na kitu ndani yake ni uongo anaoulipia nauli.

Umeuliza nilimfanyia nini mteja wangu. Kesi ya wastaafu wale ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2005, malipo yakafuata, na jina lake lilikuwamo, Osmani na yote, namba yake ya tarakimu tano pembeni. Hakufurahi kama nilivyotazamia. Aliuliza wenzake watatu wa jina lake gengeni kama wamo, nami nilipotafuta nikawapata wawili. Namba ya huyo wa tatu mzee alinitajia pia, kwa kuwa walikuwa wakisimama pamoja asubuhi, lakini namba ile haikuwa kwenye ukurasa wowote. Tukamwandikia barua mwanawe, na hiyo ikawa kesi nyingine, ndefu kuliko hii.

Yamebaki mayai. Mzee wangu aliniletea mchele wa Kilosa, kilo tano, kabla jambo lake halijaisha, nami nikauweka chini ya meza kwa siku nzima nikiwa natoka jasho. Ungekuwa mtumishi wa umma ningekuambia ukatae kwa maneno matamu na usirudi nyuma. Katika ofisi binafsi bado ningekuambia usipokee kitu kwa siri wala kwa jina lako, kwa sababu mzee anayetoa anaweza kuamini kwamba ndicho kilichosogeza jalada, na jirani yake asiye na kuku ataamini hivyo kabla yake. Lakini kumrudishia mtu mzima chakula mkononi, mbele za watu, ni kumtukana, na hilo unalijua bila kufundishwa na wakili. Nilikwenda kwa bosi, nikamwambia. Akaagiza mchele uletwe mezani, akamshukuru mzee mbele ya wote waliokuwa kwenye benchi, akamwambia ofisi haidai kitu zaidi ya kilichoandikwa kwenye mkataba na kwamba safari nyingine aje mikono mitupu. Kisha akafungua rejesta ya vitu vinavyoingia, ile ya barua na vifurushi, akaandika kwa mkono wake: "Mchele, kilo 5, kutoka kwa mteja. Umepokelewa na ofisi. Umepikwa Ijumaa." Nami ndiye niliyetumwa kununua maharage.

Wewe hujaniambia mayai yalikuwa mangapi, wala yako wapi sasa. Yaandike.